John Lilburne, kijana wa duka la nguo aliyekataa kuapa



Tumezoea kuwaletea hapa maisha ya wachungaji, wamisionari na watafsiri wa Biblia. Safari hii tumemchagua mtu ambaye hakuwa mchungaji wala mmisionari, na kwa kusema kweli hakuwa mpole hata kidogo. John Lilburne wa Uingereza alifariki mwaka 1657, na sehemu kubwa ya maisha yake ya utu uzima aliipitisha gerezani. Tunamwandika kwa sababu ya mahakama moja iliyomhukumu akiwa kijana, na zaidi kwa sababu ya yale aliyoyaona baada ya mahakama hiyo kufutwa.

Mahakama yenyewe iliitwa Chumba cha Nyota. Jina lilitokana na chumba ilimokaa, ndani ya jumba la kifalme la Westminster, London, ambacho dari yake ilikuwa imechorwa nyota. Waliokaa humo hawakuwa mahakimu wa kawaida. Walikuwa washauri wa mfalme, pamoja nao maaskofu, na majaji wakuu wawili wa nchi. Hapakuwa na raia kumi na wawili walioapishwa, ambao kwa desturi ya Waingereza ndio wanaoamua kama mtuhumiwa ana kosa au hana. Mashahidi walihojiwa faraghani, maneno yao yakaandikwa, na karatasi ndizo zilizosomwa mbele ya wakubwa. Chumba hicho hakikuwa na mamlaka ya kuua mtu. Kiliweza kumtoza faini ya kumfilisi, kumfunga bila muda maalum, kumchapa hadharani, kumkata masikio.

Tusikosee kudhani kwamba mahakama hii ilianza kwa nia mbaya. Miaka mia moja na zaidi kabla ya Lilburne, watu wengi waliipenda. Katika vijiji vya Uingereza, tajiri mwenye mashamba na watumishi wenye silaha aliweza kumnyang'anya jirani kiwanja, kisha akawatisha au kuwahonga wale raia kumi na wawili wasimhukumu. Mnyonge alishindwa kesi kabla haijaanza. Lakini mbele ya washauri wa mfalme yule tajiri hakuwa na wa kumtisha. Wakati wa Kardinali Wolsey, aliyekuwa waziri mkubwa wa Mfalme Henry VIII hadi 1529, walalamikaji walifurika pale kwa wingi. Walikuja na kesi za kuvamiwa nyumba, hati za uongo, ushahidi wa uongo na rushwa. Mahakama isiyomwogopa mkubwa yeyote ilikuwa kimbilio.

Ila palikuwa na mkubwa mmoja ambaye haikuweza kumhukumu, naye ni mfalme mwenyewe. Kuanzia 1629 Mfalme Charles I alitawala miaka kumi na moja bila kuita Bunge. Askofu mkuu wake, William Laud, alitaka makanisa yote ya nchi yafuate ibada ya namna moja, na waliompinga, hasa Wapuritani, walianza kuandika vitabu. Hapo Chumba cha Nyota kikapata kazi mpya. Mwezi wa saba 1637 kilitoa amri kwamba wenye mitambo ya kuchapa katika London wasizidi 20, na kwamba kitabu kisichopata kibali kisichapwe. Siku chache kabla ya amri hiyo, watu watatu walikuwa wamekatwa masikio mbele ya umati: mwanasheria William Prynne, daktari John Bastwick na mchungaji Henry Burton. Kila mmoja alitozwa pauni 5,000 na kufungwa maisha. Prynne alikuwa amekwisha kukatwa masikio mara moja miaka mitatu nyuma. Safari hii walikata vipande vilivyobaki, wakamchoma mashavu kwa chuma cha moto. Tunaomba jina hili la Prynne mlikumbuke, tutakutana nalo tena.

Lilburne alikuwa anafahamiana na yule daktari. Alizaliwa karibu na mwaka 1615, mtoto wa pili wa kiume katika familia ya heshima ya jimbo la Durham, kaskazini. Kwa kuwa shamba la baba lilikuwa la mtoto wa kwanza, John alitumwa London kujifunza biashara kwa mfanyabiashara wa vitambaa aliyeitwa Thomas Hewson. Mikataba ya kazi hiyo ilikuwa ya miaka mingi, na kijana aliishi katika nyumba ya bwana wake. Alipopata nafasi alisoma. Alisoma Biblia, alisoma Luther na Calvin, alisoma kile kitabu kinene cha John Foxe juu ya wafia dini. Kisha rafiki akampeleka gerezani kumtembelea Bastwick, na tangu siku hiyo akawa anakwenda mara kwa mara.

Mwaka 1637 alivuka bahari kwenda Uholanzi, nchi ambako vitabu vilivyokatazwa Uingereza vilichapwa na kuingizwa kwa siri. Aliporudi mwezi wa kumi na mbili alikamatwa. Mtu wa kundi lao wenyewe ndiye aliyemtaja.

Sasa tufike kwenye kiapo, maana kesi yote ilisimama hapo. Mtuhumiwa wa Chumba cha Nyota alitakiwa kuapa kwa jina la Mungu kwamba atajibu kweli maswali atakayoulizwa. Kwa masikio ya haraka jambo hilo linaonekana jema. Nani anakataa kusema kweli? Lakini Lilburne alikuwa amekwisha kuona mtego wake. Kwanza alihojiwa na wanasheria wa mfalme juu ya vitabu, akajibu. Walipoanza kumuuliza habari za watu wengine na mambo mengine ambayo hakushtakiwa, alinyamaza. Alitambua kwamba wanatafuta katika kinywa chake mashtaka ambayo hawakuwa nayo. Muumini aliyeapa mbele ya Mungu angekuwa na njia tatu tu: kujifunga mwenyewe na kuwafunga ndugu zake, kusema uongo na kuvunja kiapo, au kunyamaza na kuhesabiwa mkosaji. Mwizi asiyemcha Mungu angeapa na kudanganya bila shida. Kiapo kilimbana yule mwenye dhamiri tu.

Alipoletwa mbele ya wakubwa, mwezi wa pili 1638, alikataa kuapa. Hoja yake ilikuwa kwamba sheria ya Mungu na sheria ya nchi hazimlazimishi mtu kujishtaki. Anayemshtaki na asimame mbele yake. Tunaosoma kitabu cha Matendo ya Mitume tunakumbuka kwamba hata Festo, liwali wa Kirumi asiyekuwa muumini, aliijua kanuni hiyo alipokuwa na kesi ya Paulo. Pamoja naye alisimama mzee mmoja, muuza vitabu John Wharton, mwenye umri wa miaka zaidi ya 80, naye akakataa. Wote wawili walitozwa pauni 500 na kupelekwa gerezani. Kijana aliongezewa viboko.

Tarehe 18 ya mwezi wa nne 1638 Lilburne alivuliwa nguo hadi kiunoni, akafungwa mikono nyuma ya mkokoteni kwenye gereza la Fleet. Mkokoteni ukaanza kwenda polepole kuelekea Westminster, umbali wa kilometa karibu tatu. Kila baada ya hatua chache mchapaji alimpiga kwa kiboko chenye kamba tatu zilizofungwa mafundo. Kwa hesabu yake mwenyewe alipata mapigo kama 500. Watu walijipanga njiani, wengine wakilia, wengine wakimtia moyo, naye akawajibu kwa maneno ya Maandiko. Mbele ya jumba la Westminster aliingizwa shingo kwenye ule ubao wenye matundu unaomshikilia mtu ameinama, jua likimpiga mgongo uliochanika.

Wakubwa walitazamia kwamba atakuwa mfano wa kuwatisha wengine. Yeye akaanza kuhubiri. Akiwa ameinama vile vile alisimulia kesi yake yote na kuwasema maaskofu, kisha akachomoa mifukoni vijitabu vya Bastwick na kuwarushia watu. Hatujui ni mlinzi gani aliyesahau kumpekua! Mkubwa wa gereza alimwamuru anyamaze, hakunyamaza. Wakamtia kizibo mdomoni kwa nguvu hata damu ikatoka. Muda uliobaki alikanyaga-kanyaga chini kwa miguu ili watu waone kwamba bado anasema.

Kwa kosa hilo jipya Chumba cha Nyota kiliagiza afungwe minyororo mikononi na miguuni, katika sehemu mbaya kabisa ya gereza, asitembelewe wala asiletewe kitu na marafiki. Alikaa humo zaidi ya miaka miwili. Alikuwa mgonjwa, mara nyingine akaona njaa, na bado maandishi yake yalipenya nje yakachapwa.

Mwaka 1640 mfalme aliishiwa fedha kwa sababu ya vita na Waskoti, akalazimika kuita Bunge. Katika siku za kwanza kabisa za Bunge hilo, mjumbe mmoja wa Cambridge alisimama kumtetea Lilburne. Mtu aliyekuwapo aliandika baadaye kwamba msemaji alivaa suti ya kitambaa duni, kana kwamba imeshonwa na fundi wa kijijini asiyejua kazi, na kwamba aliongea kwa ukali mkubwa. Jina lake lilikuwa Oliver Cromwell. Lilburne akafunguliwa. Mwaka uliofuata wajumbe walitamka kwamba hukumu yake ilikuwa ya kikatili na kinyume cha sheria, na mwezi wa saba 1641 Bunge likapitisha sheria ya kufuta Chumba cha Nyota. Sheria hiyo iliongeza kwamba mtu yeyote aliyefungwa kwa amri ya mfalme au baraza lake ana haki ya kuletwa mbele ya majaji, ili ijulikane amefungwa kwa sababu gani.

Kama tungeishia hapa ingekuwa habari nzuri ya kusimulia watoto. Mkubwa mwovu ameshindwa, mwenye haki ametoka gerezani, naye akamwoa Elizabeth Dewell, binti wa mfanyabiashara wa London. Lakini miaka kumi na sita ilikuwa bado imebaki.

Vita vilipozuka kati ya mfalme na Bunge mwaka 1642, Lilburne aliingia jeshi la Bunge. Alitekwa huko Brentford na kupelekwa Oxford kuhukumiwa kifo kama mhaini. Elizabeth, akiwa na mimba, alisafiri kutoka London akipita katikati ya majeshi, akibeba barua ya Bunge iliyotishia kwamba wafungwa wa upande wa mfalme nao watauawa. Mumewe akapona. Alipigana tena Marston Moor mwaka 1644, akapanda hadi cheo cha luteni kanali. Mwaka 1645 maofisa walitakiwa kuapa kiapo cha kulinda mpango mpya wa kanisa, ule wa Wapresbiteri. Lilburne alikataa kuapa, akaacha jeshi.

Ndipo alipoanza kuona kitu kilichomwuma kuliko viboko. Bunge lililofuta Chumba cha Nyota lilikuwa limeleta tena, mwaka 1643, sharti la kibali kwa kila kitabu. Wapuritani waliokuwa wakiteswa na maaskofu sasa walikuwa na nguvu, na wengi wao walitaka waumini wasiokubaliana nao wanyamazishwe. Aliyekuwa mbele katika hao ni William Prynne. Ndiyo, yule yule. Mtu aliyepoteza masikio yake kwa kuandika alikuwa sasa anaandika ili wengine wanyamazishwe! Lilburne alimwandikia barua ya wazi mwaka 1645, na kwa ajili ya barua hiyo aliitwa mbele ya kamati ya Bunge.

Hatusemi kwamba Lilburne alikuwa malaika. Alikuwa mgomvi. Watu wa wakati wake walitania kwamba dunia nzima ikiisha akabaki peke yake, John atagombana na Lilburne. Aliwatukana kwa maandishi watu ambao wangeweza kuwa rafiki zake, na mzigo wa ukaidi wake aliubeba Elizabeth na watoto. Mwaka 1646 Mabwana wa Bunge walimpangia fidia ya pauni 2,000 kwa mateso ya Chumba cha Nyota. Miezi michache baadaye Mabwana hao hao walimfunga kwa kumsema kigogo mwenzao. Aliletwa mbele yao akakataa kupiga magoti, na mashtaka yaliposomwa akatia vidole masikioni. Alidai kwamba yeye ni raia, na raia anahukumiwa na raia wenzake kumi na wawili. Walimtupa kwenye ngome ya London.

Kutoka humo aliandika sana, na yeye na wenzake wakapata jina la Wasawazishaji. Walitaka watawala wachaguliwe na watu, sheria iwe moja kwa tajiri na maskini, mtu asilazimishwe katika mambo ya imani, na asilazimishwe kujishtaki. Askari wengi waliwasikiliza, na mwaka 1647 wakuu wa jeshi walijadiliana na wajumbe wa askari juu ya mambo hayo ndani ya kanisa la Putney.

Mfalme Charles, mkubwa wa ile mahakama, aliuawa kwa hukumu mwezi wa kwanza 1649. Mtu angetegemea Lilburne ashangilie. Hakushangilia. Mfalme alihukumiwa na mahakama ya pekee, iliyoundwa kwa kazi hiyo moja, bila wale raia kumi na wawili. Kwa Lilburne kilikuwa Chumba cha Nyota kimerudi kwa jina lingine, na ubaya wa mtuhumiwa haukubadili jambo. Katika maisha yake yote hapa ndipo tunapomheshimu zaidi, kwa sababu hapa alimdai adui yake haki ile ile aliyojidai mwenyewe.

Miezi miwili baadaye askari walimtoa kitandani alfajiri wakampeleka mbele ya Baraza jipya la Nchi. Waliuliza kama kitabu fulani ni chake. Alikataa kujibu, kama alivyokataa mwaka 1638. Alipokuwa akingoja katika chumba cha pili alisikia kupitia mlango sauti anayoijua, mtu akipiga meza na kuonya kwamba hawa wasipovunjwa watatuvunja sisi. Alikuwa Cromwell.

Mwaka huo ulikuwa mgumu kuliko yote. Wanawake wa London walikuja Bungeni kwa mamia wakiomba wafungwa wafunguliwe, wakajibiwa warudi nyumbani wakaoshe vyombo. Ndui iliingia nyumbani kwa Lilburne. Aliruhusiwa kutoka gerezani kuwaona wake, na wana wao wawili wakafa. Mwezi wa kumi alisimamishwa kwa kosa la uhaini katika ukumbi wa Guildhall mbele ya majaji wengi, bila wakili wa kumsemea. Aliwageukia wale raia kumi na wawili, wafanyabiashara wa kawaida, akawaambia kwamba wao ndio mahakimu, si wa mambo yaliyotendeka tu, hata wa sheria. Majaji walikasirika. Raia walitoka, na kabla saa moja haijaisha walirudi na jibu kwamba hana kosa. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe kama nusu saa, na usiku mioto ikawashwa mitaani.

Mwaka 1652, katika ugomvi juu ya mali, Bunge lilimtoza pauni 7,000 na kumfukuza nchini milele, bila kesi yoyote, akirudi auawe. Alirudi mwaka 1653. Kwa mara nyingine raia kumi na wawili walikataa kumpa wauaji. Baraza likawaita raia hao mmoja mmoja kuwauliza kwa nini waliamua hivyo. Walijibu kwamba walifuata dhamiri, na zaidi ya hapo hawakusema neno.

Cromwell, sasa mtawala wa nchi nzima, hakumwachilia. Alimpeleka kisiwa cha Jersey, katika ngome iliyo juu ya mwamba kando ya bahari, mahali ambapo amri za majaji wa Uingereza za kumleta mfungwa mbele yao hazikufika. Ile haki ya sheria ya 1641, iliyopatikana pia kwa damu ya mgongo wake, ilizungukwa kwa meli. Afya yake ilivunjika. Mwaka 1655 alirudishwa na kuwekwa katika ngome ya Dover, na huko akajiunga na Marafiki, wale wanaoitwa Wakweka, wasiotumia upanga wala kuapa kiapo chochote. Elizabeth, aliyebeba maombi kwa wakubwa miaka kumi na tano, ndiye aliyemwombea ruhusa za kutoka mara chache.

Katika ruhusa moja alikodi nyumba Eltham, karibu na London, kwa kuwa mkewe alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kumi. Alifia hapo tarehe 29 ya mwezi wa nane 1657, akiwa bado ni mfungwa, na umri wake ulikuwa miaka kama 42.

Siku ya maziko palitokea mabishano mlangoni. Baadhi ya rafiki zake wa zamani walileta kitambaa cha mahameli kufunika jeneza kwa heshima, Wakweka wakakataa pambo lolote. Watu walisukumana. Mwishowe jeneza lilibebwa mabegani kupitia mitaa ya London bila kitambaa, ubao mtupu, umati mkubwa ukilifuata.